Fundo la Nne

Kitu cha kwanza Esha alichokiona kilikuwa rangi.

Kwenye kamba iliyoning'inia juu ya pipa la mihogo palikuwa na mafundo mawili ya ukindu, na yote mawili yalikuwa kijani kile kile. Haikupasa kuwa hivyo. Ukindu ukikatwa leo huwa mbichi, kesho huanza kufifia, kesho kutwa hugeuka rangi ya nyasi za kiangazi. Mama yake alifunga fundo moja kila jua lilipozama, kwa hiyo kwenye kamba yoyote fundo la chini sharti liwe bichi kuliko la juu, kama ndugu wanavyopishana kimo. Haya yalikuwa mapacha.

Esha alisimama na ndoo yake mkononi, akayatazama. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na tangu atambae alijua sheria ya pipa. Mihogo inayoota Lihonga, huku juu kwenye uwanda, ni michungu, na ina sumu. Ikilowekwa siku nne inakuwa chakula. Ikilowekwa siku mbili inaua. Kwa sababu hiyo kila pipa lilikuwa na mwenyewe mmoja, na kamba ya pipa iliguswa na mkono mmoja tu. Mkono wa pili ukigusa, watu walisema, pipa linaharibika. Kila mtu alijua maana yake hasa ni nini: hesabu ya siku nne ikae kichwani mwa mtu mmoja, na lawama ikae hapo hapo.

Mama yake, Bi Somoe, alitoka jikoni akiwa ameshika ukanda wa ukindu. Alikuwa amevaa nguo za eda, na miguu yake ilikuwa bado myembamba kwa homa.

"Jua linazama," alisema. "Ngoja nifunge fundo langu."

Akafunga la tatu. Likawa pacha wa yale mawili.

"Mama," Esha aliita.

"Nini, mwanangu?"

"Hamna."

Bi Somoe alipoingia ndani kuswali Magharibi, Esha aliweka ndoo chini, akanyoosha mkono na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaigusa kamba. Alifungua mafundo mawili, akaacha moja. Siku nne zilipotimia, pipa halikuharibika.

*

Homa yenyewe waliiita homa ya ukungu, kwa kuwa iliingia Lihonga msimu ambao ukungu hauondoki uwandani hadi saa nne. Ilimkaa mtu siku tano: kikohozi, kichwa, baridi ya mifupa. Ilimuua baba yake Esha siku ya sita. Wengi walipona. Waliopona walipoteza pua kwanza, wakawa hawasikii harufu ya moto wala ya choo, na watu wakacheka. Miezi miwili baadaye wakaacha kucheka.

Kirusi cha homa ile hakikugusa mambo ya zamani. Bi Somoe aliweza kutaja majina ya wanawali wote aliochezwa nao unyago, na nani alilia, na nani alijikojolea. Kilichomponyoka kilikuwa cha leo. Alichokifanya asubuhi kilimtoka kama maji kwenye kikapu, naye hakujua kuwa yalikuwapo maji. Wengine waliponyokwa kidogo, wengine sana. Mwaka wa kwanza, mwanamume mmoja wa kijiji cha pili aliwasha moto jikoni, akasahau, akawasha mwingine chumbani, akasahau, na nyumba ikaungua na wanawe wawili ndani.

Baada ya hapo zikaja bangili.

"Hodi! Hodi kwa wenye eda!"

Ilikuwa Alhamisi. Aliyebisha alikuwa Mfaume, muuguzi wa tarafa, ambaye kila mtu alimwita dokta. Alisimama nje ya pazia la kitenge lililofunika mlango, kwa sababu mwanamume asiye maharimu haingii kwa mwanamke aliye kwenye eda.

"Karibu, baba, lakini kaa hapo hapo," Bi Somoe alijibu.

"Hapa hapa pananitosha, Bi Somoe. Pole tena na msiba. Nimekuletea bangili yako, kila aliyepona anapewa. Naipitisha chini ya pazia. Mkono wa kushoto, kifungo kitazame juu. Ikikubana usishtuke, inakutambua."

Bangili ilikuwa nyembamba, ya kijivu. Bi Somoe aliigeuzageuza.

"Hii ya nini, Esha?" alinong'ona.

"Ya kupimia, mama. Inapima kichwa."

Bi Somoe akaitikia, akaitazama, akaigeuza tena. "Hii ya nini?"

"Ya kupimia."

"Aa." Akaipapasa. "Ya nini hii, mwanangu?"

Esha aliichukua amwonyeshe kifungo kinavyofungwa. Akaipitisha kwenye mkono wake mwenyewe. Ikabana taratibu, ikapata joto, na sauti ndogo kama ya mwanamke mwenye mafua ikasema, "Nimekujua, Somoe binti Hamisi."

"Safi!" Mfaume alisema nje. "Imeshashika mapigo ya damu yako. Haiwezi tena kumtambua mtu mwingine mpaka ipelekwe mjini ifutwe. Haya, sasa inakuuliza. Jibu kwa sauti nisikie."

Esha alitaka kusema. Maneno yalikuwa mafupi tu: dokta, nimekosea, nimevaa mimi. Lakini tangu utoto wake maneno mafupi ndiyo yaliyomshinda. Shuleni aliishia darasa la tano, mwaka shule ilipofungwa, na katika miaka mitano hiyo hakuwahi kunyoosha kidole.

Bangili ilitaja vitu vitano: mwiko, korosho, kengele, mbuzi, sindano. Ikasimulia habari ndefu ya mwanamke anayekwenda matangani na kukosea njia. Ikagonga ngozi ya mkono, tatu, moja, nne, moja, ikamtaka airudishie. Kisha ikasema vile vitu vitano vitajwe kuanzia mwisho.

Esha alimtazama mama yake. Midomo ya Bi Somoe ilikuwa wazi, inatafuta. "Mwiko," alinong'ona. Halafu tena, "Mwiko," huku akitabasamu kama mtu anayeomba asaidiwe mzigo.

Kila aliyesomeka mwekundu alipelekwa Kituoni, bondeni, kwenye nyumba za mabati meupe ndani ya uzio. Huko hakupigwa mtu wala hakulala mtu na njaa. Lakini mtu anayesahau asubuhi yake anashikilia vitu vinavyomjua: mlango wake, jiwe lake la kusagia, sauti ya jirani. Waliohamishwa walikosa pa kushika. Mjomba wa Asumini, rafikiye Esha, alikwenda akiwa anasahau alichokula. Mwaka haukuisha, akawa anasahau kumeza.

Esha alijibu kwa sauti ya mama yake. Hazikuwa mbali, sauti zao. "Sindano, mbuzi, kengele, korosho, mwiko."

Bangili ikawaka kijani.

"Bi Somoe, samahani kukuuliza," Mfaume alisema. "Ulisoma mpaka wapi?"

Swali hilo lilikuwa la zamani, na Bi Somoe akalijibu mwenyewe, haraka. "Kusoma? Sikusoma kabisa, baba. Nilichezwa, nikaolewa."

"Basi aliyekunyima shule alikosa sana. Akili kama hii sijaiona tarafa nzima."

Sifa ile ilimwingia Esha kama chai ya moto, ikateremka polepole hadi tumboni. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Kisha akaona haya, kwa kuwa ilikuwa imekuja kwa jina la mtu mwingine naye alikuwa ameinywa.

*

Toka siku hiyo Esha aliivaa bangili kila alfajiri, ilipouliza maswali yake, kisha akaifunga mkononi mwa mama yake kukicha. Alhamisi Mfaume alikuja na pikipiki yake ya umeme, akaisogeza simu karibu na bangili, akavuta hesabu za wiki nzima, akatikisa kichwa kwa mshangao, akaondoka. Kijani, kijani, kijani.

Eda ikaisha. Mvua nayo ikagoma. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini, na kilichobaki ardhini kikawa mihogo michungu tu. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Nangomwa, akaamua chakula kiwekwe pamoja: mapipa tisa kwenye uwanja wa ghala, nyumba zote zilete mihogo, ikishaanikwa zigawane makopa yake. Akaja kwa Bi Somoe na nusu ya kijiji nyuma yake.

"Mapipa tisa si mchezo," alisema. "Yanataka kichwa kimoja kitulivu. Na safari hii hatukugombana kumtafuta, maana chombo cha dokta kimeshatutafutia. Bi Somoe, kamba zote tisa ni zako."

Bi Somoe aliziba uso kwa ncha ya khanga kwa furaha. Miaka thelathini alikuwa mtu wa pipa, na hakuna aliyewahi kutapika kwa mkono wake.

Esha akafungua mdomo. Watu wote waligeuka, kwa kuwa lilikuwa jambo la ajabu, na mdomo ukabaki wazi bila kitu.

"Mbona huyu amefungua domo kama kuku mwenye kiu?" alisema Bi Tunu, mama mkwe wa Asumini, ambaye ulimi wake uliogopwa kuliko mbwa. Watu wakacheka.

"Mwacheni mwanangu, ana haya," Bi Somoe alisema.

Ikawa kila jioni, Bi Somoe akishamaliza kufunga, Esha anakwenda uwanjani na ndoo kama mtu wa kuongeza maji. Anapita kamba moja hadi nyingine akifungua yaliyozidi. Mengine yalifungwa mara mbili, mengine mara tatu. Hesabu ya kweli ya mapipa yote tisa alikuwa nayo kichwani, na haikumchosha. Majuma sita yalipita, watu wakala, wakalala, wakaamka.

"Shoga, wewe unakaa na mapipa kuliko unavyokaa na mimi," Asumini alimwambia jioni moja. Alikuwa amekaa kwenye gogo la uwanja, mimba yake ya kwanza imefika mwisho, anakula udongo wa kichuguu kwa siri. Ndiye rafiki pekee wa Esha, na kwa kawaida alizungumza sehemu yake na ya Esha pia.

"Mapipa hayanisumbui."

"Na mimi nakusumbua? Haya. Nikizaa msichana nitamwomba Mungu asifanane na wewe. Atakosa mume huyo kwa kushindwa kusema ndiyo."

Esha alicheka, akaficha meno kwa kiganja.

"Sikia," Asumini alisema, na sasa hakuwa anatania. "Uchungu ukinianza uje wewe. Yule mama mkwe atanimaliza kwa maneno kabla mtoto hajatoka. Niapie."

"Nitakuja."

"Niapie, Esha."

"Wallahi nitakuja."

*

Uchungu ulianza Jumamosi alfajiri na haukuwa na haraka. Mkunga alisema leo, kisha akasema kesho. Esha alimshika Asumini mgongo, akamfuta jasho, akamwacha amng'ate mkono. Jumamosi jua lilipozama alifikiria kamba. Jumapili jua lilipozama alisimama aende, akafika mlangoni.

"Usiniache," Asumini alisema, na macho yake yalikuwa makubwa sana.

Akarudi, akakaa.

Mtoto alizaliwa Jumatatu asubuhi, msichana, ana kelele za kutosha watu wawili. Damu ilipokata na Asumini alipolala, Esha alitoka karibu anakimbia. Ilikuwa adhuhuri.

Zamu ya pipa la saba kujazwa ilikuwa Jumamosi asubuhi, alikumbuka vizuri. Jumamosi, Jumapili: machweo mawili. Alipofika uwanjani aliwakuta wanawake wamelizunguka, mikono ya nguo imekunjwa, vikapu viko tayari, bado hawajatoa kitu. Aliangalia kamba. Mafundo yalikuwa manne. Mawili ya juu yalikuwa yameanza kufifia pamoja. Mawili ya chini yalikuwa kijani kibichi pamoja. Kwa mwenye macho ya kusoma ukindu ilikuwa kama imeandikwa kwa chaki.

Bi Tunu alitumbukiza mkono, akaubonyeza mhogo. "Mbona migumu hii? Siku nne gani hizi?"

"Kamba inasema nne," Bi Somoe alijibu kwa upole. "Mihogo ya ukame huwa migumu."

Bi Tunu akainusa, lakini yeye naye alikuwa mmoja wa waliopona, hakuwa na pua. Waliozunguka pipa karibu wote hawakuwa na pua, na hesabu ya siku walizoea kumwachia mwenye kamba. "Haya bwana," alisema. "Nani abishane na mtu wa kijani?" Wakacheka.

Langoni, Mfaume, aliyekuja kumwangalia mzazi, alikuwa ameegesha pikipiki yake, anaongea na mwenyekiti, simu mkononi.

"Esha!" mama yake aliita, uso umemeremeta. "Amejifungua? Mtoto gani? Njoo basi utoe na sisi, mzazi apate uji wa makopa mapya."

Neno lilikuja mpaka kwenye koo. Mbili. Siku ni mbili. Lakini likishatoka litaulizwa umejuaje, na kamba imekosea vipi, na mtu wa kijani anakosaje, na bangili hiyo hebu tuione. Mwanamume wa kuiona alikuwa hatua ishirini kutoka pale. Alimtazama mama yake akisimama kwenye uwanja wake, mbele ya wenzake, mikono imelowa hadi viwiko, anajua alipo.

Jua litamaliza, Esha alijiambia. Jua la mwaka huu ni kali, litakausha hata sumu.

Akainama.

Siku ya tatu makopa yakatwangwa, na Bi Tunu akajipimia fungu kubwa kwa ajili ya mkwewe. Esha alipokwenda kumwona Asumini alimkuta ana bakuli la uji, analo tangu asubuhi.

"Mchungu?" aliuliza. Ndilo neno pekee aliloweza.

"Uji wa mzazi lini ukawa mtamu?" Asumini alijibu, akanywa.

*

Watu kumi na mmoja walitapika na kushikwa na kizunguzungu. Kumi walipona. Siku ya tisa Asumini aliinuka kumwogesha mtoto, miguu ikakakamaa kama michi miwili, akaanguka kando ya beseni. Haikulegea tena. Mfaume alichukua damu, akachukua mkojo, akasema kile ambacho wazee walishakijua kwa kutazama vidole vya miguu: sumu ya mihogo, na miguu ile haitarudi.

Mkutano ulikaa ofisini kwa mwenyekiti. Bi Somoe aliwekwa kwenye kiti katikati, peke yake. Esha alisimama nyuma, ukutani.

"Angekuwa mtu aliyepungukiwa," Mzee Nangomwa alisema, "tungesema ni kosa, tukamsamehe, tukampeleka Kituoni akapumzike. Dokta, hebu tusomee."

Mfaume hakutaka kuinua macho. "Asubuhi ile ile ya Jumatatu bangili yake ilisoma..." Akaisogeza simu karibu na macho. "Jumamosi, Jumapili na Jumatatu haikuvaliwa alfajiri. Nilidhani ni uchovu. Lakini Ijumaa ni kijani, Jumanne ni kijani. Akili ya namna hii haikosei hesabu ya siku nne."

"Basi hakukosea," Bi Tunu alisema. Alisimama. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mnasikia? Anajua hesabu. Alijua. Amemlisha mkwe wangu sumu kwa makusudi, mtoto akiwa na siku tatu! Iteni polisi. Au mniachie mimi."

Chumba kikanguruma. Mtu mmoja nyuma alitaja uchawi. Bi Somoe aligeuza uso kumtafuta kila anayesema, akiwa na adabu ile ile ya kumsikiliza mgeni.

"Mimi sikumbuki kumtilia mtu sumu," alisema walipotulia. "Asumini nilimpokea mimi na mkunga, mama yake alipomzaa. Nimempaka mafuta kwa mikono hii." Akaitazama mikono. "Lakini nyinyi ni wengi, na mnanijua. Watu wengi hivi hawawezi kukosea wote. Ikiwa mnasema nimefanya, basi huenda nimefanya. Yuko wapi nimwombe radhi?"

"Si yeye," Esha alisema.

Hakuna aliyesikia. Alitoka ukutani. Alipiga magoti mbele ya kiti, akafungua bangili kwenye mkono wa mama yake, akaivaa.

"Nimekujua, Somoe binti Hamisi," bangili ilisema, na ofisi nzima ikageuka kuwatazama.

Ilitaja vitu vitano. Esha alijibu mbele ya watu wote, macho chini, jasho linamdondoka kidevuni. Alijibu vya mbele, akajibu vya nyuma, akagonga ilivyogonga. Kijani kikawaka juu ya mkono wake mwembamba, wenye alama za meno ya Asumini ambazo zilikuwa bado hazijapotea.

Mfaume alikaa chini. "Tangu lini?"

"Tangu eda."

"Na mafundo?"

"Anafunga zaidi ya mara moja. Anasahau kwamba ameshafunga. Nilikuwa ninayafungua kila jioni. Siku zile sikuwepo jioni. Nilikuwa kwa mzazi."

Yote yalikuwa kweli. Watu wakashusha pumzi. Mwanamke mmoja akasema, "Masikini, kumbe alikuwa kwa Asumini," na Bi Tunu mwenyewe akaketi, akaficha uso. Hakuna aliyemuuliza Esha alirudi saa ngapi Jumatatu, wala alisimama wapi, wala aliona nini. Alingoja waulize. Hawakuuliza.

*

Gari la Kituo lilikuja Alhamisi. Esha alimfungia mama yake nguo, kikombe chake cha bati, na mwisho kabisa kipande cha kamba na tita la ukindu mbichi.

"Ya nini hii?" Bi Somoe aliuliza.

"Kila jua likizama, funga fundo."

"Mangapi, ndipo nirudi?"

Dereva alikuwa ameshawasha gari. Esha alimfunga mama yake khanga kichwani, akaikaza, akaifungua, akaifunga upya.

"Mengi, mama."

"Basi nitayafunga haraka," Bi Somoe alisema, akampapasa shavu.

Mfaume alibaki nyuma kidogo gari lilipoondoka. Alisema wakubwa mjini wamepata habari zake, kwamba kuna chuo, kwamba kichwa kama chake hakifai kupotea hivi hivi. Alisema kwa sauti ya kusikitika, kama anayempa mfiwa rambirambi. Esha alimwambia, "Si leo, dokta," akaondoka kuelekea nyumbani kwa Asumini.

Asumini alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa mbele, magoti yamebanana, vidole vimegeukia ndani. Mtoto alikuwa ananyonya. Bi Tunu hakuwepo.

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

Asumini alinyoosha mkono, akamvuta Esha akae. Akamhamishia mtoto titi la pili.

"Nimekuwa nikiwaza," alisema. "Mimi ndiye niliyekuapisha. Jumapili ulisimama pale mlangoni, nikakwambia usiniache. Ningekuacha uende, ungefungua mafundo yako, mama yako angekuwa kwake sasa hivi, na mimi ningekuwa na miguu yangu. Nimejikata mwenyewe, Esha. Na wewe nimekukosesha mama. Nisamehe."

Alikuwa analia bila sauti asimshtue mtoto. Esha alimtazama mtoto, akaitazama ile miguu. Ingetosha kunyamaza. Amenyamaza maisha yake yote, na watu hawatarajii kingine kwake. Asumini angeubeba mzigo ule hadi uzeeni akidhani ni wake.

"Jumatatu nilifika adhuhuri," Esha alisema.

"Najua. Ulichelewa kwa ajili yangu."

"Sikuchelewa. Niliwakuta bado hawajatoa hata mhogo mmoja." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikukatika. "Niliitazama kamba, Asumini. Nilijua ni siku mbili. Nilijua, nikaingiza mkono, nikatoa pamoja nao."